Mkokoteni Wenye Komeo

Mwanangu Rehema,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumwambia mtu kuwa wewe ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yake. Nimemwandikia bibi yako barua nyingi za namna hiyo kule Liwale, na sikumbuki hata moja ambayo nilikuwa na hofu wala mashaka yoyote. Ilikuwa njia ya kuanzia tu, kama kupiga hodi. Leo nimeyaandika maneno hayo kwenye karatasi ya kwanza, nikayasoma, nikaichana karatasi, maana yalikuwa kweli tupu na sikupenda kuyaona.

Umeme umekatika tangu adhuhuri. Wewe umeenda Goba kumuaga shangazi yako Habiba. Mama yako yuko uani anakaanga vitu vya kukufungia safari, na anayapiga masufuria kuliko kawaida ili nijue kwamba bado amenikasirikia. Mimi nimekaa karakana, mashine ya kuchomelea imenyamaza, na mkokoteni wako uko mbele yangu, umebakiza kiungo kimoja. Umeme ungekuwepo nisingeandika, ningechomelea. Unanijua.

Sitakuandikia mambo ya chandarua na kuchemsha maji. Mama yako ameyasema yote, na yaliyobaki atayasema kesho kituoni Mbagala mbele ya abiria wote, nawe uvumilie. Habari za wanaume nazo amesema ni zamu yake. Kwangu mimi limebaki jambo moja, lile uliloniomba Ijumaa.

Ulikuja baada ya chakula, ukapiga goti kwenye mkeka. Ukasema, "Baba, mama ameshanipa radhi zake. Bado wewe." Nikainuka, nikasema nakwenda kumwangalizia mtu geti lake. Mama yako akaniuliza, "Geti la nani leo Ijumaa, we baba Rehema?" Nilikwenda nikakaa kwa muuza kahawa mpaka vikombe vikanichosha, na niliporudi ulikuwa umelala, na mkeka ulikuwa bado umetandikwa pale pale. Tangu siku hiyo tunasalimiana, shikamoo, marahaba, basi. Unadhani nimekukasirikia. Shangazi yako anadhani sitaki mtoto wa kike ashike bunduki. Wote mmekosea, na kosa ni langu kwa kunyamaza. Ungekuwa mtoto wa kiume ningeinuka vilevile.

Ulipokwenda chuo cha wanyamapori mimi nilifurahi, na sikujifanya. Nilidhani watakuweka ofisini uhesabu tembo kwenye kompyuta. Kumbe wakati mimi ninajidanganya hivyo, wewe ulikuwa unajifunza kulenga shabaha. Sasa umepangiwa kusini, nchi ya babu zako, na kazi yenyewe ni ile ile niliyoiona kwa macho yangu: kuongozana na wawindaji wenye kibali, kuwaambia piga au usipige, na mnyama akijeruhiwa, wewe ndiye wa kutangulia. Siku uliyotuambia, ulikuwa na furaha mpaka ukasahau chai yako. Ukaniambia, "Baba, kule bado wanabeba nyama kwa mpiko begani, masaa. Si wewe ulikuwaga unatengeneza mikokoteni ya porini? Nitengenezee niende nao." Mama yako aliacha kumimina chai. Mimi nikasema tutaona.

Kesho yake nikaanza kukata vyuma. Mpaka leo sijui kwa nini nilianza, na radhi ulizoomba nikakunyima.

Ngoja nikueleze habari ya ule mkokoteni wa kwanza, maana wewe hukuuona. Nilikuwa kijana, fundi hapa hapa Manzese, na kulikuwa na bosi mmoja wa Msasani aliyekuwa akipata kibali cha kuwinda kila msimu. Alitupenda mimi na mdogo wangu Athumani, baba yako mdogo, kwa sababu sisi ni watu wa kule na njia tunazijua, na kwa sababu Athumani alikuwa mchinjaji. Bosi mwenyewe alikuwa Mkristo, lakini nyama yake ilikuwa inaliwa na jamaa na majirani wa kila dini, na hakutaka jirani arudishe sahani. Basi mnyama akianguka, Athumani anakimbia na kisu amuwahi kabla roho haijatoka, mimi nakimbia nyuma yake kushika kichwa. Kwa desturi yetu shingo ni ya mchinjaji. Athumani alikuwa akiichukua shingo yake na kuimba njia nzima, na hakuwa na sauti.

Shida ilikuwa kutoa nyama porini. Gari halifiki. Mnafunga nyama kwenye mti, watu wawili mnauweka begani, mzigo unaning'inia na kuyumba, na jioni bega limevimba huwezi kuvaa shati. Nikasema mimi fundi mzima, haiwezekani. Nikachukua mabomba ya kitanda cha zamani na gurudumu moja la pikipiki. Gurudumu moja, kwa sababu njia ya porini ni ya mtu mmoja. Nikaliweka katikati chini ya mzigo, si mbele kama la toroli, ili uzito ukalie tairi na si mikono ya watu. Mishikio miwili mbele na miwili nyuma. Pa kulaza nyama nikasuka kwa mipira ya tairi iliyochanwa, kama kitanda cha kamba, maana gunia linakunywa damu na kunuka, mpira unauosha mtoni mara moja umekwisha. Wenzetu wakauita punda wa Manzese. Nilijivunia sana, Rehema. Bosi alikuwa akiwaonyesha rafiki zake.

Ila niliutengeneza mfupi. Niliupima kwa kongoni aliyekatwa vipande vinne, na sikuwa na sababu ya kuwaza kipimo kingine.

Jinsi Athumani alivyokufa unajua. Umesimuliwa na shangazi yako, ambaye kila akifika mahali fulani ananitupia jicho, na ulimsikia mama yako siku ile tulipogombana juu ya mkokoteni huu. Hakuna lililofichwa nyumba hii. Lakini nyote mnaisimulia kwa upande wa nyati. Nyati alimuua, mnasema. Nyati ni sehemu fupi sana ya habari ile. Nataka nikusimulie upande wa watu, kwa sababu watu ndio utakaowaongoza.

Asubuhi tulipata kongoni. Athumani alimuwahi, akachinja, tukakata vipande vinne, tukapakia, kila mtu amefurahi. Askari wetu wa wanyamapori alikuwa Mzee Komba, mtu wa Songea, mpole, mchache wa maneno. Karibu na mchana, kwenye korongo kavu lenye majani marefu, bosi akampiga nyati. Nyati akaanguka, akainuka, akaingia kichakani. Tukamsikia anaanguka tena, halafu anakoroma.

Mzee Komba akasema, "Hakuna mtu kusogea. Tunakaa chini, tunavuta sigara, ikiisha ndiyo tunakwenda kuangalia."

Athumani hakumtazama Mzee Komba. Alinitazama mimi. Akasema, "Kaka, atakufa kibudu huyu."

Wewe umekulia Manzese, nyama unaiona imeshaning'inizwa buchani. Kwetu kibudu, mnyama aliyekufa hajachinjwa, halikuwa neno dogo. Nyati mzima, chakula cha ukoo, ageuke mzoga wa kuachiwa fisi huku mtu mwenye kisu amekaa anangoja sigara ya mwenzake iishe. Nikamwambia, "Wahi."

Akakimbia. Nikamfuata nyuma, nikashike kichwa. Nyati aliinuka kabla hatujafika. Alimchoma Athumani paja na kumrusha, akanigeukia mimi, na Mzee Komba akampiga. Basi. Sehemu ya nyati imekwisha hapo.

Athumani alikuwa amekaa chini, macho makavu, anaulizia kisu chake kimedondokea wapi. Mzee Komba akamfunga paja kwa mkanda wake, akanipigia kelele, "Lete mkokoteni! Mwaga hiyo nyama!"

Nikaenda kwenye mkokoteni. Nikakata matawi, nikayatandika. Nikachukua kipande cha kwanza cha kongoni nikakilaza juu ya majani. Nikachukua cha pili. Bosi wa Msasani akaja kunisaidia, akawa anashika upande wa pili ili mguu usiguse mchanga. Shingo, kwa kuwa ilikuwa ya Athumani, niliitafutia majani yake. Mzee Komba alikuwa anapiga kelele muda wote huo, "Mwaga! Mwaga!" na nilikuwa ninamsikia vizuri. Usidhani nilichanganyikiwa nikawa sijui ninalofanya. Nyama halali haitupwi chini. Nilipokuwa mtoto nilichapwa kwa kudondosha chakula. Mikono ilikuwa imepata kazi inayoijua na ikashikamana nayo, kwa sababu kazi nyingine iliyokuwa inaningoja pale, ya kumbeba mdogo wangu, mikono yangu haikuwahi kuifanya.

Halafu mkokoteni ukawa mfupi. Tulimlaza, miguu ikabaki inaning'inia nje, na kila tulipopita mzizi lile paja lilikuwa linakunjika ukingoni na damu inaanza upya. Tunasimama, tunafunga, tunaendelea. Njiani alinitania. Alisema, "Kaka, punda wako ana mateke." Nikamwambia anyamaze asijichoshe. Nilimgombeza, Rehema. Maneno ya mwisho niliyomwambia mdogo wangu ni ya kumgombeza. Hatukufika naye kwenye gari.

Na ile nyama? Jioni dereva na wabebaji walirudi kuichukua. Ilikuwa juu ya majani kama nilivyoiacha, haina hata chembe ya mchanga. Ililiwa kwenye msiba wake.

Wazee wa Liwale walisema chombo kilichombeba mtu hakibebi tena kitoweo, nami sikuhitaji kuambiwa. Niliufumua kipande kwa kipande kabla sijapanda gari kurudi Dar. Mama yako alikuwa na mimba yako. Tangu hapo nikawa mtu wa mageti na madirisha. Shangazi yako akikutembeza Goba leo, mageti mengi yenye maua ya chuma utakayoyaona yamepita mikononi mwangu, na mengine nimeyarudia mara mbili kwa sababu wenye nyumba wanaongeza magari. Kazi ya geti haina lawama. Geti ni la kufunga na kufungua, na likiharibika wanakuita.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu sidhani kama chuoni wana mtu wa kulifundisha. Utakutana na watu wasiokusikiliza, na utawaona wajinga. Mimi sikuwa mjinga. Wakati ninasema "wahi", nilijua Mzee Komba ana haki. Nilijua, mwanangu, kama ninavyojua sasa. Lakini mdogo wangu ananitazama. Mimi ndiye mkubwa, na kwetu mdogo hampiti mkubwa wake, hata kwa ruhusa ya kufa. Na kulikuwa na jambo jingine baya zaidi. Nilimtazama Mzee Komba nikajisemea moyoni: huyu si mtu wetu, huyu hata kikiwa kibudu atakula, anajua nini cha kwetu. Mtu alikuwa ananiokolea ndugu yangu, nami namhesabia dini na kabila. Ile ndiyo iliyoniziba masikio. Nyati hakuwa na habari.

Kwa hiyo ukifika kule, usianzie kichakani. Kichakani umeshachelewa. Anza asubuhi kambini, watu wanakunywa uji. Uliza mchinjaji ni nani. Atakuwa kijana, mwepesi, anapenda kusifiwa. Usihangaike naye. Mwangalie anamtazama nani kabla ya kujibu. Huyo anayetazamwa ndiye wa kuongea naye, kwa heshima zote, shikamoo na kukaa chini, hata kama anakuudhi. Mwambie, "Mzee, leo nikisema tungoje, kijana atakutazama wewe. Utamwambia nini?" Mwache ajibu kwa mdomo wake mbele ya wenzake. Mzee Komba alimwambia kila mtu asisogee, na hakuna alichokosea, ila hakujua kwamba kati yetu sote mtu wa kuambiwa alikuwa mmoja.

Na hilo la kibudu mlimalize hapo hapo kwenye uji. Ustadhi mmoja aliniambia baadaye kwamba mwenye bunduki akilitaja jina la Mungu wakati wa kufyatua, imetosha. Mwingine akambishia mpaka chai ikapoa. Mimi si mtu wa kuamua, na wewe pia si mtu wa kuamua. Wao waamue, lakini waamue asubuhi.

Umeme umerudi. Ngoja.

Nimemaliza kile kiungo. Mama yako amekuja mlangoni, akautazama mkokoteni, akaitazama karatasi, akaniwekea maandazi mawili juu ya benchi akaondoka. Nadhani nimesamehewa nusu.

Nikuonyeshe vitu viwili, kwa sababu kesho kutakuwa na kelele na hutanisikia.

Ubavuni, upande wa kulia, kuna komeo. Usilifungue ndani ya basi. Ukilivuta, upande mmoja wa kitanda cha mpira unaachia wote na mzigo unamwagika chini mara moja, nyama yote, mchangani. Wenzako watacheka. Watasema fundi gani wa Manzese huyu, anatengeneza mkokoteni wa nyama wenye mlango wa kumwagia nyama. Waache wacheke, halafu wafanyishe mazoezi. Pakieni mawe, mtu mmoja apige kelele "mwaga", mwingine avute. Leo, kesho na keshokutwa, mpaka mkono uzoee kumwaga bila kumwuliza mwenyewe. Nimeweka na breki ya baiskeli kwenye mshikio wa nyuma kwa ajili ya miteremko, na mikanda miwili ya kiti cha gari. Hiyo mikanda si ya nyama.

Cha pili ni urefu. Jumatano, kabla hujaniomba radhi, nilikuita nikakuambia ulale juu yake. Ukaja na ndala zako na simu mkononi. Ukasema, "Baba, mie si nyati bwana!" Nikakuambia nyamaza, nyoosha miguu. Ukajilaza, ukafumba macho, ukatoa ulimi kujifanya umekufa, ukajipiga picha na kuwatumia marafiki zako. Ulicheka mpaka mkokoteni ukatikisika. Mama yako akatoka uani na beseni la nguo, akakuona. "Inuka hapo! Rehema, inuka hapo sasa hivi!" Ulidhani anagomba kwa ajili ya gauni lako, lisipate grisi. Mimi nilikuwa nimeshapiga alama kwa chaki pale visigino vyako vilipofika.

Wakikuuliza mbona mrefu hivi, sema ni wa kubebea pofu, yule mnyama mkubwa kuliko kongoni.

Sasa nimebaki na lile la Ijumaa, na nimezunguka karatasi nne kulikwepa. Ninaogopa. Sina neno jingine la kiume la kuweka hapo. Ninaogopa mchana nikiwa kazini na ninaogopa nikila. Mtu anapiga nondo kwa nyundo jirani, mimi nasikia bunduki. Ningekuwa na uwezo wa kukufungia ndani ya mojawapo ya mageti yangu ningekufungia, nawe ungenichukia, na bado ningelala vizuri.

Hapo juu utaona mistari iliyokatwa, kalamu imetoboa karatasi. Ni mkono wangu. Nilikuwa nimeandika sharti. Niliandika kwamba radhi nitakupa, lakini uniapie jambo moja: ukisema ngojeni, na mtu mkaidi akakimbilia mnyama, wewe usimfuate. Abebe ukaidi wake. Wewe baki pale uliposimama na bunduki yako, urudi nyumbani. Niliona ni sharti dogo, la haki, ambalo baba yeyote angeliomba. Nikalisoma tena, na ndipo nikauona upumbavu wangu.

Nyati aliponigeukia mimi, Mzee Komba hakuwa amesimama mahali salama. Kutoka alipokuwa angepiga majani tu. Alikuja mbio, mtu mzima yule, anakohoa sigara, akaingia kwenye majani marefu baada yangu, akasimama baina yangu na nyati ndipo akapiga. Damu ilimrukia kifua kizima. Hakuwa ndugu yangu. Alikuwa ameshasema "msisogee", maneno aliyatoa, lawama haikuwa yake, na mimi dakika ile ile nilikuwa nimemdharau moyoni mwangu. Alikuja hivyo hivyo. Msibani alikaa nje na viatu vyake mkononi, nikampelekea maji, na sikumwambia ahsante, kwa sababu kumshukuru ilikuwa ni kukiri mbele ya watu kwamba mimi nilipona.

Naye alikuwa mtoto wa mtu. Baba yake angempa sharti hili ninalotaka kukupa wewe, naye akawa mtoto mtiifu, mama yako angejifungua akiwa kwenye eda, na wewe ungenijua kwa picha ya ukutani.

Basi nimelikata. Ninataka sana kukuomba usiwe mtu wa aina ile, na siwezi, kwa kuwa ni mtu wa aina ile aliyeniacha hai nikulee.

Kesho kituoni utaniona ninagombana na makondakta juu ya namna ya kuufunga mkokoteni kwenye buti. Niache nigombane, nitakuwa natafuta pa kuweka macho. Uliloniomba kwenye mkeka nakujibu hapa, nisije nikashindwa mbele za watu. Nenda, Rehema. Radhi zangu unazo zote, na sharti sina.

Baba yako,
Selemani